Baada ya Arobaini: Niliyojifunza Tanga Kuhusu Misuli ya Nyonga

Kilichonipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia hakikuwa maumivu, kilikuwa udhu. Nilikuwa nikitawadha nyumbani kwangu Ngamiani, nikisimama kuswali adhuhuri, na kila nilipoinama kurukuu au kuinuka kutoka kwenye sijida mkojo uliniponyoka. Yalikuwa matone tu, lakini matone yanatosha kumrudisha mtu kwenye birika. Ramadhani ilipoingia niliacha kwenda tarawehe, nikawa naswali nyumbani karibu na choo, na walioniuliza niliwajibu kwamba magoti yananisumbua. Jibu hilo lilipokelewa vizuri, kwa kuwa mwanamke aliyevuka miaka hamsini hutarajiwa kuumwa magoti, na anayeumwa magoti hupewa kiti na pole. Anayetokwa na mkojo hupewa nini, nilikuwa sijapata kuona.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu, nimezaa watoto wanne kwa njia ya kawaida, na baadhi ya familia za mtaani kwetu huniita somo, kwa sababu nimewafunda mabinti zao kabla ya kuolewa kama nami nilivyofundwa na wakubwa wangu. Yote matatu yanahusika na habari hii. Ualimu ulinizoesha kuzuia haja kuanzia kengele ya asubuhi hadi mapumziko, na kunywa maji kidogo ili nisilazimike kuliacha darasa. Uzazi ulinyoosha misuli na kuniachia mshono, maana kwa mtoto wa pili mkunga aliniongeza njia. Usomo nao ulinipa ruhusa ya kuzungumza na wanawake mambo ambayo mtu mwingine akiyataja huambiwa hana haya.

Mjini kwetu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, karibu kila tatizo la mkojo la mwanamke huitwa UTI, na duka la dawa haliko mbali. Nimewajua wanawake waliomeza vidonge vya kuua vijidudu mara kwa mara bila kupimwa, nao wakaendelea kuvuja kama awali, kwa sababu hapakuwa na kijidudu cha kuua. Maambukizi ya njia ya mkojo huchoma, humfanya mtu aende haja ndogo kila mara, na pengine humletea homa na maumivu ya tumbo la chini. Mkojo unaotoka pale tu mtu anapokohoa, anapocheka au anapoinua ndoo kwa kawaida ni habari nyingine, ni habari ya misuli. Hata hivyo yule mtaalamu, kabla ya kuzungumzia misuli yoyote, aliniagiza nikapimwe mkojo na sukari, kwa kuwa kisukari humfanya mtu akojoe sana, na kichocho, ambacho mkoa wetu wa Tanga unakijua vizuri, huweza kuonekana kwa damu kwenye mkojo. Utaratibu huo niliupenda. Ulinionyesha kwamba nimefika kwa mtu asiyekimbilia jawabu.

Alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo. Aliniamkia, “Shikamoo mwalimu,” akafunga mlango, kisha akaketi na kunieleza kwa utaratibu atakachokifanya na kwa sababu gani. Aliniambia kwamba uchunguzi wa ndani hufanywa kwa kidole kimoja chenye glavu, kwamba nina haki ya kukataa au kusema basi wakati wowote, na kwamba nikikataa bado kuna mengi ya kufanya. Nilikubali. Nguvu za misuli hiyo hupimwa kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 5, ambapo 0 ni misuli isiyojikunja kabisa na 5 ni ile inayobana na kuinuka barabara hata ikikinzwa. Nilipata 2. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na sikumbuki alama iliyonishughulisha kuliko hiyo.

Misuli yenyewe huitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Imetandazwa kutoka kwenye mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma, nayo ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, na kusaidia kufunga milango ya haja ndogo na kubwa. Binti yule aliifananisha na kitanda cha kamba: kamba zikilegea katikati, kila kilicho juu yake huinamia pale palipolegea, na dawa ni kuzikaza upya, si kubadilisha godoro. Mimba huzilemea kamba hizo, uzazi huzinyoosha na wakati mwingine huzikata, na kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, uzito mkubwa na mizigo ya kila siku huzidi kuzilegeza. Hedhi inapokoma, ambapo kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua, na ngozi laini ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuishi vizuri miaka ishirini baada ya uzazi wake wa mwisho, kisha akaanza kuvuja akidhani ni ugonjwa mpya.

Kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa mazoezi, ilikuwa kuandika. Kwa siku tatu nilitakiwa kuandika kila nilichokunywa, saa niliyokwenda haja ndogo, na kiasi kilichotoka. Nilinunua jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, nikaliweka bafuni nyuma ya ndoo, na mjukuu wangu alipouliza ni la nini nilimwambia ni la dawa ya bibi, asiliguse. Daftari lile lilinifunza zaidi ya maelezo. Lilionyesha kwamba mara nyingi niliyoiita haja haikufika hata mililita 100, ilhali kibofu cha mtu mzima huweza kubeba kati ya mililita 300 na 500. Nilikuwa naenda chooni kwa tahadhari: kabla ya kutoka nyumbani, kabla ya kupanda daladala, nikifika niendako, na kabla ya kila udhu. Kibofu kinachozoezwa hivyo husahau kujaa, kikaanza kudai mapema. Daftari lilionyesha pia kwamba maji nayanywa kidogo mno na chai ya rangi nyingi mno, na chai iliyokolea, sawa na kahawa, huweza kukichokoza kibofu. Basi nikaanza kurefusha muda kati ya haja na haja kidogo kidogo, na maji nikayarudisha. Kunywa maji zaidi ili kupunguza kuvuja ni jambo lisiloingia akilini mpaka mtu alijaribu, maana mkojo mzito nao hukisumbua kibofu.

Kisha yakaja mazoezi. Unabana kana kwamba unazuia hewa isitoke nyuma, na wakati huohuo unazuia mkojo, halafu unavuta vyote kwa ndani na juu, huku ukipumua kama kawaida na bila kubana makalio wala mapaja. Unashikilia kwa sekunde chache kadiri unavyoweza, unaachia kabisa, unapumzika, unarudia. Kiwango cha kawaida ni kubana angalau mara 8, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kuachia ni nusu ya zoezi, nalo ndilo linalosahaulika. Pia hushauriwi kufanya mazoezi haya kwa kukatizakatiza mkojo ukiwa chooni, kwa kuwa kibofu kinahitaji kujimwaga bila kusitasita. Alinifunza zaidi kubana mapema, sekunde moja kabla ya chafya, kabla ya kikohozi, kabla ya kuinua ndoo, na kutoa pumzi wakati wa kuinua badala ya kuizuia.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wanaovuja kwa kikohozi na mizigo, waliofanya mazoezi haya walikuwa na uwezekano wa kusema wamepona mara nane zaidi ya wasiofanya: asilimia 56 dhidi ya 6. Takwimu hizo huwa nazitaja kwa wanaonicheka. Mimi mwenyewe sikupona kwa ukamilifu. Mafua yakinibana bado huponyokwa na tone, lakini naswali rakaa zangu zote kwa udhu mmoja, na baiskeli, ambayo kwa mtu wa Tanga si anasa, naipanda tena.

Kama somo nilikuwa na swali langu. Daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, na dunia ikayaita kwa jina lake, lakini makungwi wa pwani walikuwa na maarifa yao juu ya misuli ya mwanamke tangu zamani. Ya unyagoni hayasemwi hadharani, nami sitayasema hapa. Ninaloweza kusema ni kwamba mafunzo niliyoyapokea yalimlenga mume: mke awe hivi ili mume aridhike. Binti yule wa fiziotherapia alinizungumzia misuli hiyohiyo kwa faida yangu mwenye mwili, na hilo, kwa umri wangu, lilikuwa jipya. Tangu hapo nimeongeza katika kuwafunda mabinti habari ya kibofu, ya choo na ya kizazi, na sijaona mila iliyovunjika.

Sasa nifike penye uzito. Mwanamke wa pwani akijifungua, siku arobaini za mwanzo ni zake. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa mkaja, hupewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki, wala hainui hata sufuria. Mama, shangazi na jirani hupokezana. Kuna mambo ya kurekebisha humo, na yule mtaalamu aliyasema kwa adabu nilipomwalika azungumze na wakandaji wawili wa mtaani kwetu: maji ya moto mno huunguza mshono wa msamba, hivyo yawe ya vuguvugu, na mkaja ukikazwa hadi mzazi apumue kwa shida, shinikizo la tumbo husukumwa chini, kwenye misuli ileile iliyochoka, kwa hiyo ufungwe wa kushikilia, usiwe wa kukaba. Mkandaji mmoja alikubali papo hapo. Wa pili alisema amekanda wazazi tangu binti yule hajazaliwa, na hakuna aliyelalamika. Akajibiwa, “Ni kweli bibi, hakuna aliyelalamika,” na wanawake waliokuwapo wakatazamana.

Arobaini ikiisha, yote hukoma kwa pamoja. Mtoto hunyolewa, mkaja hukunjwa, jamaa hurudi makwao, mzazi hurudi kwenye ndoo na kuni. Kliniki nayo hufunga hesabu karibu siku hiyohiyo, kwa kuwa hudhurio la mwisho la mama baada ya kujifungua huwa katika wiki ya sita, na kuanzia hapo kadi inayofunguliwa ni ya mtoto: uzito wake, chanjo zake. Mwajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, kisha husimama ofisini au darasani kutwa. Misuli ya nyonga haifuati kalenda hiyo. Huendelea kupona kwa miezi kadhaa, na mchaniko uliofika kwenye msuli wa haja kubwa huhitaji muda mrefu zaidi na jicho la mtaalamu. Kwa hiyo mwanamke huangaliwa sana kwa wiki sita, halafu hapana anayemuuliza chochote kuhusu sehemu hiyo ya mwili mpaka awe mtu mzima anayelazwa kwa jambo jingine. Pengo ni la miaka thelathini. Sidhani kwamba hospitali peke yake inaweza kulijaza, na sidhani kwamba mazoezi ya kwenye karatasi yanaweza. Nimewaona wanawake wakipewa karatasi. Hufunikia mtungi.

Kilichotusaidia sisi ni upatu. Tulikuwa tayari tunakutana kila mwezi, wanawake wa barabara kadhaa za Ngamiani zile zinazoitwa kwa nambari, na wengine wachache wa Makorora na Chumbageni, kuchanga na kupokezana fedha. Niliomba nafasi baada ya kuhesabu, wanaume wakiwa hawapo, nikaeleza habari yangu ya udhu kama nilivyoieleza hapa. Kulikuwa na kimya, kisha mtu mmoja akacheka, kisha mwingine akasema naye huvaa kanga mbili kwa sababu hiyo na si kwa heshima. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwanyamazisha.

Mwalimu wa madrasa aliye miongoni mwetu alianza na lililowakera wengi, akaeleza kwamba mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, huvaa kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia na kuswali faradhi yake hata kama kitu kitatoka, na kwamba kuacha msikiti kwa aibu si sharti la dini. Wenzetu Wakristo walisikiliza kwa makini, maana aibu ya benchi la kanisani ni ileile. Mtaalamu wetu alikuja kwenye kikao kilichofuata. Ilibainika kwamba wengi waliodhani wanabana walikuwa wanasukuma chini, jambo linaloongeza tatizo, na ndiyo sababu anasisitiza kwamba mtu aangaliwe angalau mara moja kabla ya kuanza. Mazoezi tuliyafungamanisha na shughuli zilizokuwapo: Waislamu baada ya salamu, wakiwa wameketi kwenye mkeka, Wakristo wengine walichagua muda wa kungoja chungu kichemke. Zoezi lisilo na saa yake halifanywi.

Muuza nazi wa Soko la Mgandini alituambia kwamba hanywi maji tangu alfajiri hadi arudi nyumbani, kwa sababu choo ni cha kulipia na meza ya biashara haina wa kuiachia. Kwake ushauri wa kunywa maji haukuwa na maana mpaka jirani yake wa meza, ambaye naye ni mwanachama, alipokubali wawe wanalindiana. Naitaja kwa sababu ndiyo aina ya tiba ambayo hakuna chumba cha hospitali kinachoweza kuiandika. Bibi mmoja wa Makorora alikuwa na kizazi kilichoshuka hadi kuonekana nje, na miaka yote alikuwa akikirudisha kwa mkono na kuendelea na kazi. Mazoezi pekee hayakumtosha. Alipelekwa kwa daktari wa wanawake, akawekewa pesari, yaani pete laini ya kushikilia kizazi mahali pake, ambayo hutolewa na kusafishwa kwa utaratibu aliofundishwa. Hakutaka upasuaji, na hakulazimishwa.

Binti mmoja aliyeolewa karibuni aliletwa kwangu na mama yake faraghani. Tendo la ndoa lilikuwa likimuumiza kiasi cha kulia, na nyumba ya mume ilikuwa imeanza kunong'ona. Huyu hakuwa na misuli dhaifu. Ilikuwa imekakamaa na hailegei. Kumwambia abane kungemzidishia, kwa hiyo alifundishwa kupumua kwa tumbo, kuachia na kuzoea taratibu, na mumewe akaombwa subira. Tangu hapo sigawi zoezi la kubana kwa kila ajaye kana kwamba ni panadoli.

Yako pia mambo ambayo kikundi hakiyagusi, hupeleka tu hospitali: damu baada ya hedhi kukoma, damu kwenye mkojo, mkojo uliokataa kutoka, ganzi sehemu za siri. Na yuko anayevuja mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu. Huyo huenda ana fistula: kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa kwa saa nyingi, nyama hufa, tundu hubaki. Fistula hiyo haizibwi kwa mazoezi, bali mara nyingi kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wenye fistula bila malipo kwa miaka mingi. Mazoezi ya nyonga huja baadaye, kwa sababu wengine huendelea kuvuja kiasi hata tundu likizibwa. Tarehe 23 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga tangu 2013 kwa ajili ya kutokomeza fistula, kikundi chetu hulizungumzia jambo hilo waziwazi, hasa kwa wenye jamaa vijijini.

Ubishi uliopo sasa ni wa mabinti wa shule. Wazee wawili wa kikundi wanaona kwamba habari za sehemu hizo hazimhusu msichana asiyeolewa, na wameniambia hivyo bila kuficha. Mimi nimesimamia mpira wa pete miaka mingi, nimewaona wasichana hodari wakiomba kutoka uwanjani kila baada ya kuruka, na wengine wakiacha mchezo moja kwa moja pasipo kusema sababu. Misuli ya nyonga hutikiswa na kuruka hata kwa asiyezaa, na binti anayevuja ana miaka 15 hajafundishwa lolote na mtu yeyote. Nimependekeza tuanze na walimu wa michezo wa kike na matroni, si na wasichana wenyewe, na mtaalamu wetu amekubali kuja akialikwa. Wazee wamesema watafikiri. Kikao ni mwezi ujao, baada ya kuhesabu fedha.